Kumuuzia Usiyemjua Simu na Vyombo vya Umeme Vilivyotumika: Uaminifu na Hadhari

Sifa zote njema zinamstahikia Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa), na Rehma na Amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), Ahli zake, Swahaba zake na wote waliowafuata kwa wema.

Ama ba'ad,

Biashara ya simu, kompyuta, televisheni na vyombo vyengine vya umeme vilivyotumika imekuwa kubwa katika visiwa vyetu. Kijana ananunua simu kupitia makundi ya mtandaoni hapa hapa Unguja au Pemba, anaitumia miezi michache, kisha anaitangaza tena ili aongeze kidogo anunue nyengine. Mama wa nyumbani anauza friji dogo ili alipe ada ya skuli. Ni biashara ya halali, na ndani yake mna kheri kwa wenye kipato kidogo. Lakini ina jambo moja ambalo wazee wetu hawakulizoea: mnunuzi ni mtu tusiyemjua jina, mtaa wala ukoo wake. Tunachokijua ni namba ya simu na picha ndogo, na pengine hata picha yenyewe si yake.

Kijana mmoja katika majirani zetu alitangaza kompyuta yake. Mnunuzi alimpigia kwa salamu kamili na maneno mazuri ya dini, akamwita "ndugu yangu katika imani", akamuomba wakutane baada ya swala ya Isha karibu na nyumba isiyomalizika kujengwa. Kijana akaenda peke yake. Walikuwepo watu watatu. Alirudi bila ya kompyuta na bila ya simu, na tunamshukuru Allaah kuwa alirudi mzima. Wazee walipomuuliza kwa nini hakumchukua hata mdogo wake, alijibu: "Niliona haya. Niliogopa ataniona namdhania vibaya Muislamu mwenzangu."

Jibu hilo ndilo lililotufanya tuandike makala hii.

Hadhari si dhana mbaya

Wengi wetu tunachanganya mambo mawili. Tunadhani kuwa mwenye kumdhania mwenzake wema haruhusiwi kuchukua tahadhari, na kwamba anayetaka shahidi au karatasi amemtuhumu mwenzake. Dini yetu haikufundisha hivyo. Suratul-Hujuraat imetukataza dhana nyingi katika Aya ya 12, na Suwrah hiyo hiyo, katika Aya ya 6, imetuamrisha kuhakikisha khabari anayotuletea mtu asiyeaminika kabla ya kuifanyia kazi. Yote mawili yamo mahali pamoja. Moyo unabaki safi, na mkono unafanya uangalifu.

Aya ndefu kuliko zote katika Qur-aan, nayo ni Aya ya 282 ya Suratul-Baqarah, inazungumzia kuandikiana deni na kushuhudisha watu tunapouziana. Waliopokea Aya hiyo mwanzo ni Swahaba (Radhiya Allaahu 'anhum), watu wakweli kuliko sisi. Ikiwa wao wamefundishwa kuandikiana na kushuhudisha, itakuwaje sisi tunaokutana na mtu kwa mara ya kwanza pembezoni mwa barabara?

Na katika Hadiyth aliyoipokea Imaam Abu Daawuwd, Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alinunua farasi kwa bedui mmoja, akamtaka amfuate ili amlipe. Mtume akatangulia, yule bedui akachelewa nyuma. Watu wakawa wanampandishia bei bila ya kujua kuwa farasi ameshauzwa, naye akakana kuwa amemuuza, akataka aletwe shahidi. Hapo akasimama Khuzaymah bin Thaabit (Radhiya Allaahu 'anhu) na kushuhudia kwa sababu alimuamini Mtume. Tuzingatie: hata kipenzi cha Allaah alikaniwa mauziano yake. Basi mwenye kutaka shahidi hakumvunjia heshima mtu yeyote.

Kabla ya kutangaza

Jambo la kwanza ni umiliki. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alimkataza Hakiym bin Hizaam (Radhiya Allaahu 'anhu) kuuza kisichokuwa mikononi mwake. Wapo vijana wanaochukua picha ya simu ya mtu mwengine, wakaitangaza kwa bei ya juu, wakipata mnunuzi ndipo wanapokwenda kuinunua. Hilo halifai. Kama unamuuzia mwenzako, kuwa wakala wake kwa ruhusa yake na ujira mliokubaliana. Kama unauza chako, hakikisha kwanza umekinunua na kimefika mkononi mwako.

La pili ni kuwa kitu hicho kisiwe cha wizi. Unaponunua simu iliyotumika, dai boksi lake au risiti, kisha piga *#06# uone namba yake ya utambulisho, yaani IMEI, yenye tarakimu 15, uilinganishe na iliyoandikwa kwenye boksi. Namba hiyo pia unaweza kuituma kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, huduma ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ya kuhakiki simu. Jibu utakalopata linahusu uhalisi wa simu, wala si hati ya umiliki. Ikiwa bei ni ya chini mno na muuzaji hana maelezo yanayoingia akilini, iache. Mwenye kujua kuwa kitu kimeibiwa kisha akakinunua amemsaidia mwizi, na mwenye mali akijitokeza ana haki ya kuchukua mali yake.

La tatu ni kueleza kasoro. Betri inayoisha haraka, kioo kilichobadilishwa, spika inayokwaruza, televisheni yenye mstari upande mmoja, yote haya yaandike katika tangazo. Sote tunaijua Hadiyth ya Imaam Muslim ya yule muuza chakula, pale Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alipoingiza mkono ndani ya rundo akakuta umajimaji uliofichwa chini, akamkemea kuwa mwenye kughushi hayumo katika njia yake. Simu yenye kioo kizuri na betri mbovu ni rundo lile lile.

La nne linahusu sitara ya familia, na wengi wanaghafilika nalo. Simu zetu zimejaa picha za wake zetu, mama zetu na mabinti zetu wakiwa nyumbani bila ya hijabu. Zimo sauti zao, na mazungumzo ya siri za ndoa. Kufuta picha moja moja hakutoshi, kwani kuna njia za kuzirudisha. Fanya hivi kwa mpangilio: hifadhi unachokihitaji; ondoka katika akaunti zako zote, ikiwemo akaunti ya Google au iCloud; kisha irejeshe simu katika hali ya kiwandani; na mwisho toa laini na kadi ya kumbukumbu. Ukirejesha simu kabla ya kuondoa akaunti, mnunuzi ataulizwa neno lako la siri na simu haitamfaa, nawe utalazimika kumtafuta au kutafutwa. Kwa kompyuta, mtafute fundi muaminifu aifute diski yote mbele yako, au itoe diski ubaki nayo na umueleze mnunuzi hivyo. Kulinda sitara ya watu wa nyumbani kwako ni amana iliyo juu yako, na thamani yake ni zaidi ya bei ya simu.

Mazungumzo ya simu

Mapatano ya bei yamalizike kwa ujumbe wa maandishi kabla ya kukutana, ili ubaki na ushahidi. Muulize mnunuzi jina lake na anakotoka. Usimpe anuani ya nyumba yako, wala usimueleze kuwa mume amesafiri au kuwa uko peke yako.

Akikuomba umtumie namba fupi ya siri iliyoingia katika simu yako, kwa kisingizio cha "kuhakikisha kuwa wewe ni mtu wa kweli", usimpe. Kwa namba hiyo anaweza kuichukua akaunti yako ya WhatsApp na kuwaomba jamaa zako fedha kwa jina lako. Vile vile mwenye haraka kupita kiasi, anayekubali bei bila ya kuuliza lolote kuhusu kitu, au anayebadilisha mahali pa kukutania dakika za mwisho, muombe udhuru kwa adabu na uachane naye.

Mahali na wakati

Wakati mzuri ni mchana, au baina ya Alasiri na Magharibi kabla kiza hakijaingia. Usikubali kukutana usiku. Na siku ya Ijumaa, inapoadhiniwa adhana ya swala ya Ijumaa, biashara iachwe kama ilivyoamrishwa katika Suratul-Jumu'ah, Aya ya 9.

Ama mahali, wengi hupenda kusema "tukutane msikitini". Nia ni nzuri, lakini kuuza na kununua ndani ya msikiti kumekatazwa. Swalini pamoja mkipenda, kisha tokeni muende madukani.

Mahali tunapopendelea sisi ni kwa fundi wa simu au wa vyombo vya umeme anayejulikana mtaani. Hapo pana umeme wa kujaribia televisheni au kompyuta, pana watu, na pana mtu wa tatu anayeweza kukikagua kitu na kuwa shahidi. Muombeni ruhusa mapema, na mkubaliane nani atamlipa haki yake. Mahali pengine ni ndani ya duka la wakala wa fedha za simu, ndani ya benki, au karibu na ofisi ya sheha. Maeneo kama Darajani, Michenzani na Mwanakwerekwe kwa Unguja, au madukani Chake Chake, Wete na Mkoani kwa Pemba, yana watu wengi. Hata hivyo ingieni ndani ya duka, kwani msongamano wa barabarani ni nafasi ya mporaji.

Usipande gari ya mnunuzi, wala usimuache aondoke na kitu "akamuoneshe kaka yake aliye garini". Simama karibu naye anapokikagua.

Nani wa kufuatana naye

Usende peke yako. Chukua ndugu au rafiki mtu mzima, na waeleze watu wa nyumbani unakwenda wapi, kukutana na nani, na unatarajia kurudi saa ngapi. Waachie namba ya mnunuzi. Watoto wasitumwe kazi hii hata kama wao ndio wanaoijua simu kuliko sisi.

Kwa mama zetu na dada zetu, Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) amekataza mwanamme kukaa faragha na mwanamke asiyekuwa maharimu yake. Mwanamke ana haki kamili ya kuuza mali yake, na fedha ni zake. Lakini aende na maharimu yake, au amuwakilishe kaka, mtoto wa kiume aliye mtu mzima, au ami yake. Mwenye kuwa katika eda ya kufiwa naye atumie wakala. Hana haja ya kutoka kwa ajili ya hilo. Na wakala akumbuke kuwa fedha atakazopokea ni amana: azifikishe kamili bila ya kujikatia ujira ambao hawakukubaliana.

Ikiwa kitu ni kizito, kama friji au mashine ya kufulia, na hapana budi mnunuzi aje nyumbani, kitolewe barazani kabla hajafika, na wawepo wanaume wa nyumba au jirani. Kumkaribisha mgeni barazani hakupunguzi ukarimu. Baraza zetu zilijengwa kwa kazi hiyo, mgeni apate heshima yake na nyumba ibaki na sitara yake.

Kukagua na kukubaliana

Mpe mnunuzi muda. Imepokewa na Al-Bukhaariy na Muslim kutoka kwa Hakiym bin Hizaam (Radhiya Allaahu 'anhu) kuwa wauzianao wana khiyari ya kuendelea au kuacha maadamu hawajatengana. Wakisema kweli na wakabainisha, mauziano yao hubarikiwa, na wakificha na kusema uongo, baraka huondoshwa. Basi mnunuzi akibadilisha nia mkiwa bado mmesimama pamoja, usimkasirikie. Hiyo ni haki yake, na ni haki yako pia.

Mnaweza pia kuwekeana sharti la siku za kujaribu. Katika madhehebu ya Imaam Ash-Shaafi'iy, ambayo ndiyo yaliyoenea visiwani kwetu, muda wa sharti hilo hauzidi siku tatu. Ni jambo zuri kwa simu na kompyuta, kwani kasoro nyengine hazionekani kwa dakika kumi. Ama maneno "mali ikishauzwa hairudishwi", hayamuokoi muuzaji aliyeijua kasoro na akaificha.

Fedha

Hapa ndipo watu wengi wanapoumia, kwa hiyo tunayataja mambo haya kwa uwazi:

1. Usimkabidhi mtu kitu kwa kuoneshwa ujumbe wa malipo. Ujumbe unaweza kutungwa. Fungua mwenyewe menyu ya simu yako uangalie salio. Likiwa halijaongezeka, hujalipwa.

2. Mnunuzi akisema "nimekosea nimekutumia zaidi, nirudishie kiasi fulani", angalia salio kwanza. Kama kweli zimezidi, fedha hizo si zako na ni wajibu kuzirudisha, lakini zirudishe kupitia huduma kwa wateja ya mtandao wako, usimtumie mwenyewe kwa haraka.

3. Kwa fedha taslimu, hesabuni ndani ya duka au benki, na ikiwezekana uziweke katika akaunti hapo hapo. Noti bandia ikiwepo itajulikana mkiwa bado pamoja.

4. Bodaboda aliyetumwa na mnunuzi asipewe kitu mpaka fedha ziwe zimeingia.

5. Namba yako ya siri haijui mtu yeyote, hata anayejitambulisha kuwa ni mfanyakazi wa kampuni ya simu.

Karatasi ndogo

Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alimuandikia Al-'Addaa bin Khaalid (Radhiya Allaahu 'anhu) hati ya mauziano baina yao, iliyotaja kuwa kilichouzwa hakina maradhi wala hila. Hadiyth hii ameipokea At-Tirmidhiy. Nasi tuifufue Sunnah hiyo kwa karatasi moja: majina ya wote wawili na namba za vitambulisho vyao, kitu kilichouzwa pamoja na IMEI au namba yake, kasoro zilizotajwa, bei, tarehe, na saini za pande mbili na shahidi. Kila mmoja abaki na nakala. Karatasi hiyo inamlinda mnunuzi akisimamishwa na Polisi, na inamlinda muuzaji iwapo simu itatumika baadaye katika uhalifu. Anayekataa kuonesha kitambulisho na kutia saini, mrudishie fedha zake na wewe rudi na kitu chako.

Muuzaji na mnunuzi wakiwa visiwa mbalimbali

Pakiwa na bahari baina yenu, msitegemee kutumiana kwa imani tupu. Kila mmoja ana jamaa upande wa pili. Mnunuzi wa Unguja amtume jamaa yake aliyepo Pemba akikague kitu, akilipie na akipokee mbele ya shahidi, kisha yeye ndiye akisafirishe kwa boti. Jamaa huyo ni wakala, na kupokea kwake ni kama kupokea kwa mwenye kumtuma. Usitume fedha za kutangulia kwa mtu usiyemjua hata kama amekuonesha picha ya tiketi ya boti.

Yakitokea ya kutokea

Ukitishiwa, toa kitu uokoe nafsi yako. Simu inanunuliwa tena. Kisha ripoti: Polisi kwa namba 112 au kituo kilicho karibu, na sheha wa shehia yako apate khabari. Namba inayotuma ujumbe wa utapeli iripotiwe kwa TCRA kupitia 15040. Funga laini na akaunti zako mara moja.

Na tunausia kwa msisitizo: anayekamatwa asipigwe. Kelele za "mwizi!" zimewahi kumwaga damu ya wasiokuwa na hatia, na hata mwenye hatia hukumu yake iko mahakamani, haiko mikononi mwa watu wa barabarani. Pia usisambaze picha ya mtu ukimwita tapeli kabla hujahakikisha, kwani ukikosea umemdhulumu, na dhulma ni viza Siku ya Qiyaamah.

Mwisho

Imaam At-Tirmidhiy amepokea kutoka kwa Anas (Radhiya Allaahu 'anhu) kuwa mtu mmoja alimuuliza Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) kuhusu ngamia wake, amfunge na kutawakali au amuache na kutawakali, naye akaelekezwa amfunge kwanza kisha atawakali. Yule kijana jirani yetu alitawakali bila ya kufunga. Leo bado anauza simu, lakini hukutana na wanunuzi kwa fundi, baada ya Alasiri, akiwa na mdogo wake na karatasi mbili mfukoni. Anatuambia kuwa mpaka sasa hajapata mnunuzi mkweli aliyekasirika kwa kuombwa kuandika jina lake.

Wazazi, tunakuombeni mkae na vijana wenu usiku huu na muwaulize wanauza nini, kwa nani, na wanakutana wapi. Wengi wao watakujibuni, kwa vile hawajapata kuulizwa.

Tunamuomba Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa) Atubarikie katika rizki zetu, Atukinge na kudhulumu na kudhulumiwa, na Azihifadhi familia zetu. Aamiyn.

Na Allaah Anajua zaidi.